Siku Sita au Siku Kumi

Benchi ya Nzisa, muuza kahawa, iko Lukenya, kando ya njia ya machimbo, na anayekosa kahawa ya asubuhi hutungiwa safari kabla birika halijapoa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kitheka, mchonga mawe. Asubuhi ya kwanza aliyokosa, Jumatatu baada ya benchi kupumzika siku mbili, Masila, ambaye wenzake humwita Redio, alimwambia mwenzake wa kando kwa mzaha kwamba ameenda kwao Ekalakala kupanda mahindi. Siku nane baadaye mlango wa chumba chake ulivunjwa, akapatikana kitandani amekufa, ngozi imeota ukungu.

Sasa majibu ya daktari yalikuwa yametoka. Alipima ukungu ule ulivyokua, akapima na joto la chumba, akasema Kitheka alikufa kati ya siku sita na siku kumi kabla ya mlango kuvunjwa. Masila alihesabu tena kimoyomoyo. Zikiwa kumi, mzaha wake ulimkuta mtu amekwisha kufa. Zikiwa sita, Kitheka alikuwa bado anapumua siku mbili nzima, huku benchi ikimpandia mahindi.

— Hiyo ni kumi, akasema. Ukungu hauna haraka.

— Wacha, Redio, akasema Mbithi, ambaye hushughulika na ngozi kule Kinanie. Ngozi ya ng'ombe usipoitia chumvi, siku tatu iko na ndevu.

— Kitheka si ng'ombe.

— Ukungu unajua aje?

Nzisa alisema ugali wake huota ukungu kwa usiku mmoja mvua ikinyesha, basi hata hizo sita ni nyingi. Masila akajibu kwamba mtu aliyekula vumbi la machimbo miaka ishirini amekuwa jiwe nusu, na ukungu lazima kwanza upasue jiwe. Mbithi alicheka. Masila hakucheka.

Hapo akafika mwanamke mwenye leso nyeusi. Alikuwa Kalondu, dada yake Kitheka, aliyetoka Ekalakala kuchukua mwili. Walimpa pole, Nzisa akammiminia kahawa. Aliishika bila kunywa, na hakuketi.

— Mama mwenye ploti alimopanga chumba anasema hakubisha mlango kwa sababu benchi hii ilisema Kitheka ako kwetu, akasema taratibu. Ni nani aliwaambia?

Nzisa akamtazama Mbithi, kwa maana ndiye aliyemwambia. Mbithi akamgeukia Masila. Masila naye akageuka kushoto, amtazame aliyefuata, lakini benchi ilikuwa imeishia hapo.