Upande wa Pili wa Merikebu

Sogeeni karibu, wanangu, nawe binti yangu acha kwanza kupanga dawa, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Nyumba ni yenu wote wawili, na vyombo vya useremala najua hamtavigombania. Ninalotaka kusema linahusu ile merikebu ndogo ya mbao juu ya kabati.

Mmekua mkijua kwamba niliiunda kwa ajili ya filamu za vita vya baharini vya zamani, vita vya matanga na mizinga, na kwamba baba yenu mdogo aliiunguza kwa uzembe. Ndiyo maana hamumwamkii, na wanawe mnawapita njiani kama mnavyozipita nguzo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikilizeni.

Studio ilikuwa na mbao za merikebu moja, na vita vinataka mbili. Basi mimi nikapaka upande wa kulia rangi za jeshi letu, mdogo wangu akapaka wa kushoto rangi za adui, tukaiweka kwenye birika kubwa la maji nyuma ya karakana. Mpiga picha akaupiga upande mmoja, tukaigeuza, akaupiga wa pili. Kwenye sinema watu wakaona merikebu mbili zikipigana, wengine wakalia, kumbe ilikuwa ikijipiga yenyewe. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Lakini kila filamu ilipotoka, watu walimsifu adui. Mabaharia aliowachora mdogo wangu ubavuni walikuwa na vifungo kwenye makoti, vidogo kama mbegu za ufuta. Wangu walikuwa na mikono tu. Wivu ukapata pa kulala moyoni mwangu.

Siku ya kumchoma adui, mwongozaji alitaka kijiko kimoja cha mafuta ya taa. Mdogo wangu akakipima, akaenda kushika kamba ya kuivutia merikebu. Mimi nikaongeza kopo zima. Nilitaka upande wake uishe kabisa, nikasahau, mimi niliyeipiga misumari, kwamba merikebu ni moja. Moto ulipoanza kupenya kuja upande wangu, yeye ndiye aliyeingia majini kuiokoa. Yale makovu ya mikononi mnayoyacheka ni ya siku hiyo. Mwongozaji alipouliza, nilimnyooshea yeye kidole. Akafukuzwa.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nyinyi mlichukua rungu, na aliyewapa ni mimi.

Merikebu ni yake. Mwanangu, ibebe kwa chini, milingoti imechoka. Dada yako atangulie kupiga hodi. Mwamkieni kwanza, kisha mwambieni haya yote, msinipunguzie hata neno. Akikataa kuja kuniona, msimbembeleze, ana haki.

Mungu aibariki mikono yenu. Mmoja akisifiwa, mwingine awe wa kwanza kupiga makofi… Nipeni maji. Basi, yatosha.

Kabla hamjaibeba, igeuzeni. Upande wake nimeuelekeza ukutani miaka yote hii… Isogezeni hapa kwenye mwanga. Nataka nione… kama kuna kifungo kilichosalia.