Tangazo Lililomtangulia Ognyan Tsenkov

Marehemu Ognyan Rusev Tsenkov, tunayemzika leo Ijumaa, alizaliwa tarehe 9 Februari 1979 hapa Yambol. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Rusi Tsenkov, fundi wa reli, na Mama Stoyka, aliyeketi hapo mbele. Mtoto wa kwanza ni mimi ninayewasomea. Naogopa. Mama ameniomba jina langu lisichapwe kwenye karatasi hii wala lisitajwe penye kaburi, na tangu juzi nimekuwa nikijiuliza nimtii au nisimtii. Nitaeleza sababu, kwa kuwa marehemu hakupenda mambo ya kufichwafichwa.

Shule aliianza mwaka 1986 mtaani kwetu, akaendelea na shule ya ufundi wa umeme, kisha akaenda Varna kusomea kompyuta na kuhitimu mwaka 2002. Upole wake na ubishi wake vilijitokeza mapema. Kiangazi cha 1994, nchi nzima ilipokuwa mbele ya televisheni kutazama mpira, yeye aliifungua yetu mgongoni asubuhi ya mechi, eti rangi nyekundu haikai sawa. Baba alirudi kazini akakuta matumbo ya televisheni yametandazwa juu ya zulia.

"We Ognyan! Irudishe ilivyokuwa, la sivyo nakurudisha wewe ulikotoka!"

"Baba, tulia. Hiki ni chombo tu. Hakina kinyongo na wewe."

Aliirudisha kabla ya mpira kuanza. Skrubu moja ilibaki nje, na televisheni ikaendelea kufanya kazi bila hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 2004 alirudi nyumbani na kuanza kazi ya kutunza kompyuta za ofisi ndogo ndogo za mji huu. Wengi wenu mlio hapa mliwahi kumpigia simu, naye akawauliza kama mmezima na kuwasha. Lakini nadhani mlimjua zaidi kwa maoni yake, ambayo aliyatoa kwenye ngazi za jengo letu kwa yeyote aliyepita, awe na mizigo au hana. Alisema watu wanaiuliza simu kama mvua inanyesha ilhali dirisha liko hapo hapo. Alisema mashindano ya kuimba kwenye televisheni yametufundisha kulia kwa zamu. Filamu zenye mafundi wa kompyuta alizitazama akizifokea, kwa sababu hakuna fundi anayeandika upesi vile, na hakuna anayevaa miwani ya jua gizani. Muziki wa chalga aliuita kelele zilizovaa dhahabu, na kwenye harusi ya binamu yetu tulimkuta akiucheza juu ya meza, viatu mkononi. Alipoulizwa alijibu kwamba alikuwa anafanya utafiti.

Ila kulikuwa na oni moja ambalo hakulifanyia mzaha. "Mashine haijui kitu," alikuwa akisema. "Haikupendi, haikuchukii, haikuoni. Ukiiogopa, unaogopa kichwa chako mwenyewe."

Tarehe 21 Juni 2008 alifunga ndoa na Denitsa, ambaye walikutana siku alipoitwa kwenda kutengeneza printa yake, akakuta haijachomekwa kwenye umeme. Hakumcheka. Alikaa saa nzima akijifanya anaitengeneza ili apate kuzungumza naye. Mwaka 2010 walimpata binti yao, Iva. Waliishi ghorofa ya juu ya ile tunayokaa mama na mimi, na kila Jumapili tulikula pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mojawapo ya ofisi alizozihudumia ni hii iliyoshughulikia maziko ya leo. Mwaka 2021 aliwatengenezea programu ya kuchapa tanzia, hizi tunazobandika milangoni na kwenye nguzo, zenye msalaba, picha na jina. Mafundi wa programu wana desturi ya kujaribu kazi yao kwa majina wanayoyajua, kwa sababu mtu akikosea jina lake mwenyewe huliona kosa upesi. Ognyan alijaribu kwa jina lake, picha yake na tarehe ya siku ile. Akaandika na ya pili, kwa jina langu na picha yangu ya pasipoti, tarehe ya kufa akaiacha wazi aone mashine itafanya nini na nafasi tupu. Akaenda nyumbani kula. Karatasi zikabaki kwenye trei ya printa.

Asubuhi yake Pencho, mfanyakazi wa ofisi ile, alizikuta. Pencho hasomi majina. Mji wetu ni mdogo na majina humuumiza, kwa hiyo husoma anwani tu. Alichukua gundi na brashi, akaja mpaka mlango wa jengo letu, akabandika na kuondoka.

Mama alikuwa anatoka sokoni. Akainua macho, akamwona mwanawe juu ya mlango, na msalaba juu yake. Aliketi chini hapo hapo kwenye saruji, mboga za liki zikiwa bado kwapani. Mayowe yake ndiyo yaliyonitoa ndani. Ognyan alishuka na ndara, kipande cha banitsa, mkate wetu wa jibini, mdomoni.

"Mama! Mzima mimi! Nishike, nishike mkono!"

"Usiniguse! Wewe ni nani?"

"Mwanao, jamani. Ni majaribio tu. Pencho kachukua karatasi zangu za majaribio!"

Alilibandua tangazo lake kwa kucha, huku akicheka ili mama naye acheke. Chini yake, kwenye gundi ile ile, kulikuwa na langu. Nilijiona nikijitazama. Hapo Ognyan aliacha kucheka. Mama akavuta ncha ya sikio, akagonga mlango wa mbao mara tatu, akatema mate pembeni ili kufukuza mkosi, na tangu siku ile hakupita mlango ule bila kuangalia juu. Mimi pia niliangalia. Sikumwambia mtu.

Mwezi Agosti mwaka jana marehemu alianza kuumwa na mgongo na kupungua. Mwezi Oktoba madaktari waligundua saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Alitibiwa hapa, kisha Sofia, kisha akarudishwa hapa. Mama hakuwalaumu madaktari. "Mashine ilijua kabla yao," alisema, mbele yake, huku analia. Ognyan alimbembeleza kwa subira, kila mara kwa maneno yale yale: mashine haijui kitu, Mama, mashine ni sanduku.

Lakini wiki ya mwisho, tulipokuwa wawili tu wodini, alinishika mkono.

"Dada, nigeuzie ile skrini ya mapigo ya moyo itazame ukutani."

"Mlio wake unakusumbua?"

"Naogopa kuiangalia. Usimwambie mama."

Niliigeuza. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Lile tangazo lako, kule ofisini. Nililifuta?"

"Ulilifuta."

"Sikumbuki. Nililifuta kweli? Uliniona nikilifuta?"

"Ulilifuta, Ognyan. Nilikuwepo."

Sikuwepo. Alinitazama usoni, akitafuta uongo kama alivyozoea kutafuta hitilafu, na sijui kama aliuona. Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita. Denitsa alikuwa amemshika miguu, Iva mkono wa kulia.

Siku ile ile nilikwenda kuagiza tanzia yake. Pencho aliandika herufi tatu za jina, na kabla hajafika ya nne mashine ikamleta kamili: picha, jina, msalaba. Chini yake nikatokea mimi. Tarehe bado iko wazi.

"Pencho, futa hiyo."

Alijaribu. Akajaribu tena, jasho likimtoka. "Dada, haikubali. Kufuta alikuwa anaweza yeye peke yake. Mimi nimeruhusiwa kuchapa tu."

"Nenosiri?"

"Alikuwa nalo kichwani. Alisema nenosiri lililoandikwa si nenosiri."

Nilipomweleza mama, alipiga magoti sakafuni, mwanamke wa miaka sabini na nane. "Mwanangu, karatasi ya mazishi itatoka kwenye mashine ile ile. Jina lako lisiingie humo. Nimebaki na wewe tu. Waandike 'dada', inatosha. Itakuona!" Nilimwinua nikamwambia sawa.

Mlio hapa ambao hamwamini mambo haya, nawaonea wivu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nami tangu Jumatano sijapita mlango wetu bila kuangalia juu. Naogopa kama mtoto. Ila ndugu yenu huyu alikufa bila kujua kama alinifuta, na aliogopa kwa ajili yangu kuliko alivyojiogopea. Maisha yake yote alitwambia jambo moja la maana, na saa ilipofika hata yeye alishindwa kulishika. Lazima abaki mtu wa kulishika kwa niaba yake. Nikiandika "dada" tu, nitakuwa nimewaambia nyote, na Iva akiwemo, kwamba mashine ilimuua baba yake. Mama, unisamehe. Nilirudi kwa Pencho jana, nikamwambia achape kila kitu, na nikasimama hapo nikiangalia karatasi ikitoka.

Marehemu ameacha mama yake, Stoyka Tsenkova, mkewe, Denitsa, binti yake, Iva, na dada yake mkubwa, Zlatina Ruseva Tsenkova, ambaye yu hai, na Jumatatu atarudi shuleni kufundisha.

Mungu amsamehe Ognyan. Apumzike kwa amani, na asiogope tena.