Kidole Changu kwenye Kadi Yake

Asanteni kwa kunipa nafasi. Mmezoea kuniona nimekaa karibu na mlango kila Jumapili, na wengine mnadhani ni kwa sababu ya joto. Si joto. Nakaa pale ili moyo ukinishinda nitoke bila kukanyaga miguu ya watu. Leo mama kiongozi wetu amenishika mkono akaniambia, "Papa, leo hautoke." Basi niko mbele yenu. Sitataja jina la mtu yeyote, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaelewa kwa nini majina ya watu yananitia hofu.

Wengi mnanijua kama fundi wa nguo hapa Mangobo. Kabla ya cherehani nilikuwa karani. Nilikaa dirishani katika ofisi ya bahati nasibu kule Makiso, karibu na bandari ya Kisangani, nimevaa abacost, ile suti ya serikali isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Watu walinunua tikiti kwangu. Aliyeshinda kitu kikubwa alirudi kujaziwa kadi: jina, kazi, barabara anayokaa, namba ya kiwanja, na kidole gumba kama hajui kuandika.

Ilikuwa ile miaka ya majina. Mnaikumbuka. Serikali ilisema tuache majina ya ubatizo tuchukue ya mababu, tuitane citoyen badala ya bwana, na mtu uliyekua naye ukimwulizia kwa jina la zamani, hata jirani yake anakutazama tu. Kwa hiyo kadi zetu zilikuwa na mistari miwili, mmoja wa jina la sasa, mwingine wa jina la zamani. Sanduku lenyewe lilikuwa la chuma, lina kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mkali. Siku ya kunipa ufunguo alisema, "Citoyen, kadi haitoke mu sanduku. Haisomewe mutu. Bibi ya mushindi akikuja, non. Mukubwa wa chama akikuja, unaniita miye. Ni sheria ya muchezo: mutu anatupatia jina yake juu tumupe zawadi, si juu tumuuze." Nikajibu, "Ndiyo, directeur." Kujibu si kazi.

Sasa nianze na kosa la kwanza, maana watu wanafikiri nilianguka siku moja. Hapana. Nilianza kuanguka kwa mdomo. Jioni nikirudi Mangobo, tukikaa na wenzangu kwenye chupa, nilipenda waniulize habari za ofisini. Nilijua mwalimu gani anacheza, Mwislamu gani anatuma mtu amnunulie tikiti, bwana gani ameshinda baiskeli na kumwambia mkewe ameipata kazini. Sikutaja majina yote. Nilitaja nusu, halafu nikacheka, wakamalizia wenyewe. Na siku moja nilipiga meza nikasema, "Kisangani nzima iko mu sanduku yangu. Mutu yeyote unamutafuta, miye niko naye!"

Ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo nilikuwa nayasikia mazuri sana.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, sokoni. Alikuwa ameshinda redio. Siku ya kadi alikuja na binti yake wa miaka saba hivi, aliyekuwa akihesabu vyuma vya dirisha langu kwa sauti. Nilipofika kwenye mstari wa pili yule mama alimvuta binti yake karibu.

"Papa, hiyo jina ya zamani munaifanyia nini?"

"Inabakia mu sanduku, mama. Hakuna mutu ataiona."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Bon. Mi nakuamini." Akanipa jina. Akaweka kidole kwenye wino, akakibandika, akamfutia mtoto mkono maana na yeye alikuwa ameshagusa wino. Sikujiuliza kwa nini mtu aogope jina lake mwenyewe.

Wiki chache baadaye alikuja ndugu mmoja wa kwetu, mtu wa upande wa mama yangu. Alikuwa ametoka kijiji cha karibu na Yangambi. Alikuwa mezani siku ile nilipojisifu, na sasa alikuja nyumbani na samaki wa kukaushwa, kifungu kizima. Alisema marehemu kaka yake aliacha mke na mtoto, na mke huyo alipotea mjini. "Mama yetu iko mugonjwa," alisema. "Anataka kuona mujukuu yake mbele ya kufa. Tunatafuta miaka tatu. Jina yake ya batisimu tunajua, ya sasa hatujui." Akanitajia lile jina.

Nililijua mara moja. Ningeweza kusema hapana. Lakini kwetu ndugu akija na samaki na habari ya mama mgonjwa, hapana inaonekana ni dharau. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine, na huu unanichoma zaidi, ni kwamba nilitaka aone kwamba sikudanganya pale mezani. Nilitaka aone sanduku.

Kesho yake nilimsomea barabara na namba ya kiwanja. Akasema, "Wazee hawatasadiki mudomo tupu. Nipatie karatasi yenyewe, waone muhuri. Lundi narudisha." Nikampa. Ndiyo, mnaguna, guneni. Nilimpa kadi ya watu kama mtu anayeazima kibiriti.

Alikwenda kwenye kiwanja kile asubuhi, saa ambayo mama yuko sokoni. Mtoto alikuwa na jirani, rafiki mkubwa wa yule mjane. Walikuwa wakiuza kwanga meza moja, kwa zamu: mmoja sokoni, mwingine nyumbani na watoto. Yule bwana akamwonyesha jirani kadi. Muhuri huu, jina la zamani hili, kidole cha mama hiki. Akasema, "Mama yake amekubali mutoto aende kwetu kusoma, ametia kidole." Jirani hajui Kifaransa, na kadi zetu ziliandikwa Kifaransa. Jina lile la ubatizo alikuwa amewahi kulisikia kwa siri, kutoka kinywani mwa rafiki yake tu. Akaamini. Akamfunga mtoto kitambaa kichwani na kumfungia kwanga ya njiani.

Mama aliporudi hakumkuta mtoto. Hapo ndipo nilipokuja kujua kwa nini alikuwa amejificha: mume alipokufa, watu wa mume walisema mtoto ni wa ukoo, wakataka kumchukua, naye akakimbia naye usiku kwa pirogi, mtumbwi tu wa kasia. Jina jipya la serikali lilikuwa limemfunika kuliko nyumba yoyote. Nami nilikuwa nimemfunua kwa kifungu cha samaki.

Jumatatu ilifika, kadi haikurudi. Nikasikia sokoni kwamba mtoto amechukuliwa. Nikafikiri nini? Nikamfikiria mtoto? Ningependa niwaambie hivyo. Nilifikiria ukaguzi. Nilichukua kadi tupu, nikaandika yote upya kutoka kichwani, na pale pa kidole nikatia kidole changu mwenyewe kwenye wino, nikabandika.

Siku ya tatu mama akaja dirishani. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Papa, jirani yangu anasema yule mubaya alikuwa na karatasi ya kidole yangu. Miye sijatia kidole pahali pengine, ni hapa tu. Kadi yangu iko?"

Nilifungua sanduku polepole, kama mtu mwenye haki. Nikamwonyesha. "Hii hapa, citoyenne. Haijatoka hata siku moja."

Aliitazama sana. Akagusa alama ya kidole, kidole changu, akaitikia kwa kichwa. "Alors ni yeye ananidanganya," alisema. "Jirani yangu ameniuzia mutoto." Akanishukuru, ndugu zangu. Alinishukuru, akaenda zake.

Alikwenda Yangambi mara mbili, hawakumruhusu kuingia uani. Walimjibu kutoka mlangoni kwamba mtoto alimtoa mwenyewe. Na kule sokoni ile meza moja ikawa mbili. Nilikuwa napita asubuhi naona wanawake wale wamepeana mgongo, kila mmoja na kwanga zake, na Jumamosi za salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, mmoja anafagia upande huu wa barabara, mwingine ule. Msimu mzima wa mvua ukapita hivyo. Sikuwa nikilala vizuri, lakini nilikuwa nakula, na mshahara nilikuwa napokea.

Sasa sikilizeni. Kilichonivunja kilitokea humu humu, kwenye chumba hiki. Mnakumbuka Jumapili ile yule mama jirani aliposimama? Hakusema habari yote. Alisema tu, "Ndugu, naitwa mwizi wa mutoto. Muniombee Mungu atoe kweli kwa mwangaza." Alikuwa analia bila kujifuta. Mkaomba. Mwishoni mkasema "Amina" wote pamoja, na mimi nikasema. Nilisikia sauti yangu mwenyewe katikati ya zenu. Nilikuwa nimemwomba Mungu hadharani anianike. Nikatoka mlangoni, nikaenda nyumbani moja kwa moja.

Nilimweleza mke wangu kwanza. Hakunipigia kelele. Aliuliza, "Viatu vingali mu miguu, unangojea nini kwenda kwake?" Nikaondoka.

Mjane alinisikiliza amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango. Nilimwambia kuhusu samaki, kadi, kidole. Nilipomaliza nilipiga magoti. Akasema, "Simama. Usinipigie magoti, hayanisaidie kitu. Miye sijakusamehe. Lakini kule banasema nilitoa mutoto, na mutu wa kusema hapana ni wewe peke yako. Utaenda na miye." Kisha akanipita, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake. Nilisikia kilio cha watu wawili ndani ya nyumba ile, sikujua nisimame wapi.

Kesho yake nilikiri kwa mkurugenzi, akaniachisha kazi palepale. Lakini aliandika barua yenye muhuri kwamba kadi ile ni mali ya ofisi na haina habari ya mtoto, akaifunga pamoja na ile kadi ya uongo yenye kidole changu. "Uwaonyeshe zote mbili," alisema. "Na hii ya haya yako."

Tulipanda bateau, meli ya mtoni, kwenda Yangambi tukiwa watatu: mjane, jirani yake, na mimi. Hawakuongea nami njia nzima. Wazee wa ukoo walitupokea sebuleni, yule ndugu yangu amekaa kati yao. Niliomba kadi yao iletwe. Kulikuwa na kijana wa ukoo aliyefanya kazi kwenye shamba la utafiti, anasoma Kifaransa vizuri, ila hakuwa ameonyeshwa kadi. Nikamwomba asome kwa sauti, mstari kwa mstari. Akasoma jina, barabara, kiwanja. Akafika chini, akasita, akasoma: zawadi, redio moja.

Nikasema, "Wazee, miye ndiye niliitoa mu sanduku. Mama huyu hakukubali kitu. Alipokea redio tu." Nikaonyesha na kadi ya pili, na kidole changu kando yake.

Yule bibi aliyedaiwa yuko kufani alikuwa mzima, amekaa kwenye mkeka. Alimgeukia mwanawe. "Donc tulibeba mutoto ya watu kwa karatasi ya redio?" Akamwita mwenyewe mtoto kutoka uani.

Natamani niishie hapo, watu wapige makofi. Lakini mtoto alirudi amepoteza mwaka wa shule, na mpaka leo mtu akipiga kokoko mlangoni kwao anajificha nyuma ya mama yake. Hilo sikuweza kulirudisha kwa bateau.

Namshukuru mkurugenzi aliyenifukuza. Namshukuru mke wangu, aliyenifundisha kushona kwa cherehani yake. Nawashukuru wale mama wawili, ambao meza yao ni moja tena. Na nyinyi, kwa ile Amina. Somo langu ni hili tu: jina ambalo mtu amekupa dirishani ni amana. Si lako la kunywea pombe, wala la kumsaidia ndugu. Msiulize kama anayelitaka ana sababu nzuri. Wote wanakuja na sababu nzuri, na samaki.

Juzi yule binti aliletwa kwangu kupimwa nguo ya shule. Mama yake alibaki nje. Nilichukua daftari la vipimo, akalitazama lile daftari, akarudi nyuma hatua moja.

"Papa, unaandika jina yangu?"

"Unataka niandike?"

Akafikiri. "Hapana."

Nikafunga daftari. Nikachukua kamba, nikampima mabega, kiuno na urefu, kila kipimo nikakifunga fundo. Kamba hiyo iko kwangu, imening'inia kwenye msumari. Nguo itakuwa tayari Jumamosi, na mtu akiniuliza ni ya nani, nitamwambia ni ya mwenyewe.