Muhidini bin Ausi na Klarineti Iliyomsumbua

Kwa jina la Mola atoaye pumzi na kuitwaa, jamaa mliofika, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Muhidini bin Ausi, aliyezaliwa Winde mwezi wa Shaabani mwaka 1260 wa Hijria, akasomeshwa chuoni na babake mdogo hapa Dunda, akahitimu Kurani, kisha akashika zumari na kutafuta riziki yake kwenye harusi za pwani hii, toka Bagamoyo mpaka Saadani.

Mwaka 1283 alimwoa Bi Mwanahija binti Abdala, wakajaaliwa binti mmoja, Somoe, ambaye babake alimwahidi tangu udogoni kwamba harusi yake itapigiwa klarineti, ala aliyoisikia Unguja kwa wapigaji wa Kigoa, na mwaka 1300 mmoja wao akampa klarineti kuukuu yake, akamweleza kwamba sauti hukatwa mojamoja kwa ncha ya ulimi kuugusa utete, kile kijiti cha kupulizia, kidogo tu, basi.

Kumbe hapo ndipo penye kazi. Mpiga zumari huingiza utete wote kinywani, akajaza mashavu, akavuta pumzi puani bila kituo, na ulimi hukaa kando, hauna shughuli. Ndivyo Muhidini alivyoikamata klarineti pia, akaimeza hata ulimi ukakosa pa kugeukia, sauti zikatoka zimeshikana kama wali uliozidi maji. Kila asubuhi alirudia, akanuna, akasusa chakula, majirani wakamsihi airudie zumari yake, naye akaudhika zaidi, maana tuseme kweli, alikuwa mkaidi. Harusi ya Somoe, Shawali 1303, aliipiga hivyohivyo, wanawake wakashindwa kucheza, akaiweka chini na kumalizia kwa zumari, bwana harusi akacheka, Somoe akalia.

Mwaka huu kifua kilimbana, mashavu yakaishiwa nguvu, asiweze kuishika klarineti ila kwa ncha ya midomo, na hapo ulimi ukapata nafasi, akazikata sauti, mojamoja, safi kabisa. Akaagiza Somoe aitwe kwa mumewe Winde, lakini binti alipofika pumzi ya babake haikutosha hata kuzima taa, marehemu akageukia ukutani kwa hasira, akafariki Jumatatu, mwezi 13 Rajabu 1305.

Tunamshukuru tabibu Husseni aliyemuuguza, majirani wa Dunda waliovumilia kelele zile, na wapiga ngoma wenzake waliochimba kaburi. Nawe Somoe, usiyewahi kusikia, mamako alisikia, tabibu alisikia, nasi tuliokuwa uani tunashuhudia mbele ya watu wote hawa kwamba babako alizikata.

Lala salama, Muhidini, Mola akupe raha.