Nafasi Kando ya Petronila

Jambo la mwisho la kawaida kutokea siku ile lilikuwa kashata. Nilikuwa nimeitafuna nusu, nimekaa kijiweni mbele ya banda la mitumba la Bwanaheri hapa Kibiti, juu ya lile gogo la mkoko ambalo ndilo kiti chetu, na Tamimu, muuza kahawa wetu, alikuwa ananimiminia kikombe. Mvua za El-Nino zilikuwa zimepumzika kidogo. Ndipo akaja Mzee Ebenezer wa kanisani kwetu, suruali ameikunja hadi magotini, akaniambia kwamba mama mzazi wa Donati, yule fundi baiskeli, amefariki alfajiri. Alikuja kutoka Songea kuwaona wajukuu. Kivuko cha Ndundu kimesimama kwa mafuriko, kwa hiyo hawezi kurudishwa kwao. Makaburi yetu sisi Wakristo yako bondeni. Wamechimba mara mbili, na mara mbili shimo limejaa maji. Pakavu palipobaki ni mahali pamoja tu, kwenye kile kijiinuko alikolala mke wangu Petronila. Kando yake nilipigilia vigingi vinne siku tuliyomzika, mwezi wa nane, kwa ruhusa ya wazee wa kanisa, nafasi iwe yangu. “Hatukunyang’anyi,” alisema Mzee Ebenezer. “Tunakuomba umwachie mama wa watu. Nitahitaji jibu.” Akaondoka. Tamimu alikuwa bado ameshika birika hewani.

Tulikuwa watano kijiweni. Bwanaheri tunamwita Soko Huria, kwa sababu tangu biashara iruhusiwe hakuna kitu ambacho hajajaribu kukiuza. Mwinjuma ni Wakili. Jina alilipata kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi wa kesi ya mbuzi huko Utete. Huseni hana haja ya jina la utani. Yeye ni Mndengereko, mkulima wa mpunga, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, mwenye haki ya kunikejeli mahali popote, na msibani kuliko popote. Mimi mwenyewe ni Bwana Shamba, kwa kazi na kwa jina.

Soko Huria: Usijibu haraka. Hiyo sasa ni bidhaa adimu. Mvua ikirudi, utapangiwa foleni.

Wakili: Kaburi haliuzwi, wewe!

Soko Huria: Hayo ya zamani. Viwanda vimeuzwa, mashamba ya mkonge yameuzwa. Kaburi ni nani?

Wakili: Kisheria, mtu hawezi kumhamishia mwenzake kaburi kabla hajalitumia. Na akishalitumia, hawezi kutia sahihi.

Tamimu: Kwa hiyo haiwezekani?

Wakili: Inawezekana. Ila ina ugumu.

Soko Huria: Basi amkodishie. Mama alale pale mpaka kivuko kitembee, kisha wamchukue kwao.

Wakili: Kukodi! Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Huseni: Marehemu ana sanda yake, Wakili. Hajakuomba shuka.

Soko Huria: Au wapandishe ghorofa. Kariakoo kiwanja kimoja wanakaa koo sita. Chimbeni sana, mama awe chini, Bwana Shamba juu siku yake ikifika.

Mimi: Pale ukichimba sana unakutana na maji.

Soko Huria: Basi mama awe juu.

Mimi: Na mimi?

Soko Huria: Wewe si mtaalamu wa mpunga? Maji umeyazoea.

Walicheka. Mimi nilikunywa kahawa. Huseni peke yake hakucheka. Alikuwa anamngoja kila mmoja amalize, kama mtu mwenye karata kubwa mkononi.

Huseni: Mnajisumbua. Nafasi ile si ya Bwana Shamba. Ni yangu mimi.

Sikuweza kumkatalia. Siku ya maziko ya Petronila, Huseni alikwenda akalala chali katikati ya vile vigingi, kofia usoni, akaapa hainuki. Ndivyo watani wafanyavyo. Mfiwa humkomboa kwa kitu chochote, hata ugoro, watu hucheka, na kilio hupungua uzito. Mimi sikumpa kitu. Nilimpita nikaenda nyumbani.

Huseni: Alinipita kama gogo! Nimelala pale mpaka siafu wamenipata. Na mtani asiyekombolewa, alicholalia ni chake.

Wakili: Hiyo ni sheria kabisa! Hapo hata jaji ananyamaza.

Soko Huria: Lakini wewe Huseni ni Mwislamu. Utazikwaje kwa Wakristo?

Huseni: Nani kasema nizikwe? Napanda muhogo.

Tamimu: Muhogo, makaburini!

Huseni: Shemeji Petronila alipenda muhogo. Muulizeni mumewe.

Mimi: Alipenda. Wa kuchoma, na pilipili.

Wakili: Subirini. Subirini kwanza. Kama pale ni pa Huseni, basi Bwana Shamba hana kaburi. Na mtu asiye na kaburi hafi.

Tamimu: Hafi?

Wakili: Atakufaje? Malaika akija lazima aulize, huyu namchukua nampeleka wapi? Hakuna mahali. Anarudi alikotoka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Tamimu: Hiyo methali inaingilia wapi?

Wakili: Inaingia. Wewe mimina.

Soko Huria: Kumbe! Basi na mimi kaburi langu nampa mtu leo hii.

Huseni: Unalo?

Soko Huria: Sina.

Wakili: Unaona? Ndiyo maana bado unaishi.

Huseni alinigeukia. Aliuliza kwa sauti ya chini, bila utani.

Huseni: Hebu sema wewe, Mnyamwezi. Unapang’ang’ania kwa nini? Udongo ni udongo.

Mimi: Petronila alikuwa anaogopa kulala peke yake ugenini. Kwao ni mbali, na hapa hatukuzaa. Nilimwahidi kwamba atakuwa na mtu kando yake.

Soko Huria alianza kukunja mashati ambayo yalikuwa yamekunjwa tayari.

Donati akatokea upande wa stendi, jembe begani, matope hadi kiunoni. Tulisimama wote, tukampa pole, kila mtu kwa zamu yake. Alizipokea. Hakukaa, ingawa Tamimu alimpisha.

Donati: Kaka, Mzee Ebenezer amekwisha kukwambia.

Mimi: Ameniambia. Pole sana.

Donati: Najua ni pako, na najua ni kwa sababu gani. Sikuja kukubana. Nataka kuuliza tu, unisamehe. Wewe pale unapahitaji lini?

Soko Huria alitazama barabarani. Morogoro walinifundisha kuhesabu misimu, mavuno na kina cha maji, lakini si siku ya kufa kwangu. Donati alikuwa ameuliza kwa kutaka kujua kweli, kama mtu aulizavyo siku ya gari kuondoka.

Huseni: Mimi kaburi langu nimelirudisha. Bure, bila kukombolewa, na watani wenzangu wasinisikie. Sasa ni la Mnyamwezi, na Mnyamwezi ajibu.

Mimi: Nipe hadi asubuhi.

Donati: Asante, kaka.

Akaenda zake. Nilinyoosha kikombe. Tamimu aliliinamisha birika hadi likawa kichwa chini, yakatoka machicha.

Tamimu: Imekwisha, Bwana Shamba.

Asubuhi yake nilikwenda bondeni kabla ya wengine. Niling’oa vigingi, nikaviweka pembeni. Kisha nikavua kofia, nikasema na mke wangu kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kunisikia. Nilimwambia: Petronila, anakuja mama mmoja kutoka Songea. Ni mgeni hapa, kama wewe. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, anasema zaidi Kingoni, na Donati anasema hupenda mazungumzo marefu. Mvumilie. Nikachukua jembe. Nilianza kuchimba upande ulio mbali naye, nisiutikise udongo wake.