Kwaheri kwa Bi Kipenga, Mwangalizi wa Njia za Hifadhi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mwangalizi mkuu wa njia za miguu katika hifadhi yetu ya pwani atarudisha buti, redio ya mawasiliano na kofia ya kazi. Kwenye kitambulisho ana jina lake kamili, lakini hata mkurugenzi humwita Bi Kipenga. Nasi hapa hatutamwita vingine, asije akadhani tunamuaga mtu mwingine.

Alianza kama mfagiaji wa vyoo vya wageni. Wakati huo tulikuwa na njia moja tu, ile ya majabalini. Watu walikuja, wakaitazama bahari, wakala walichobeba, wakaondoka na kutuachia takataka. Yeye alishika panga pamoja na vibarua kufungua njia ya msituni, kisha akawaganda wakubwa kama kupe mpaka likajengwa daraja la mbao juu ya mikoko, ambalo leo wageni hulifuata kutoka mbali. Ukimwuliza Bi Kipenga mgeni mwenye siku moja tu aitumieje, jibu lake ni lile lile: asubuhi panda majabalini kabla jua halijawa kali, mchana jifiche msituni, na maji yakianza kujaa nenda darajani utulie, uone samaki wadogo wakipita chini ya miguu yako.

Jina lake limetokana na utaratibu aliouanzisha mwenyewe. Jioni, kabla ya kufunga, hutembea kutoka mwisho wa njia kurudi getini akipuliza kipenga, na mgeni yeyote anayekisikia anatakiwa kupiga makofi ili ajulikane aliko. Wachumba wengi wamepiga makofi hayo shingo upande.

Kwa uchafu hana mchezo. Bwana mmoja wa heshima zake alitupa chupa kichakani. Bi Kipenga aliiokota, akamfuata mpaka kwenye gari, akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia, “Mzee, umesahau mzigo wako.” Bwana yule alishukuru kwanza, akaelewa baadaye.

Lakini kazi hii ina upweke wake, na sioni sababu ya kuuficha eti kwa kuwa leo ni sherehe. Siku ya watu kupumzika ndiyo siku yetu ya kazi. Pale juu jabalini amezipiga picha familia zisizo na idadi. Humpa simu, “Mama, tusaidie hapa,” akishawapiga humshukuru na kugeukia vyakula vyao. Yeye hula nyuma ya kibanda cha tiketi, peke yake, ameegemea ukuta. Mwanawe wa pekee yuko nchi ya mbali, na wajukuu anawafahamu zaidi kwa sauti. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi, alikuwa akifunga duka mapema aje kumsubiri nje ya geti. Alifariki miaka sita iliyopita.

Mwaka mmoja baada ya msiba ule ndipo tulipomfungia ndani. Kisa hiki mnakijua, kila kikao cha mwisho wa mwaka lazima kisimuliwe. Ilikuwa likizo ya shule, wageni wamefurika, na mama mmoja akateguka mguu huko mwisho wa njia. Gari letu lilikwenda kumchukua. Mlinzi wa geti alipoliona likitoka, akajua Bi Kipenga yumo, akafunga, akaenda zake. Kumbe amebaki nyuma kutafuta kiatu cha mgonjwa, na redio imeisha chaji. Asubuhi tulimkuta anafagia mbele ya kibanda, akauliza chai iko wapi, akasema hajawahi kulala pazuri vile bila kulipa. Tulicheka hadi machozi.

Tusichokisema kwenye kicheko ni kwamba hakuna aliyepiga simu kumwulizia. Sisi tulidhani yuko nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kushangaa kwamba hajarudi. Tangu siku hiyo geti halifungwi mpaka mlinzi amwone kwa macho yake. Sasa anakwenda kuishi mahali ambapo hakuna geti wala mlinzi, na hilo ndilo lililomkosesha raha miezi hii yote, ingawa akiulizwa husingizia magoti.

Kamati ilimwuliza anataka zawadi gani. Wengi wetu tulishasema friji. Akacheka: friji ya nini, na sufuria moja anaila siku mbili? Kisha akawa anakunja na kukunjua ukingo wa kofia. “Nipigieni tu simu jioni, mmoja wenu,” akasema. “Mjue kama nimefika.” Afisa utumishi akauliza amefika wapi, naye kutwa atakuwa nyumbani. “Hivyo hivyo,” akajibu. “Mjue nipo.”

Friji tumenunua, ataibeba atake asitake. Zamu za simu nazo tumepanga. Mlinzi wa geti aliomba wiki ya kwanza iwe yake, na hakuna aliyembishia.

Bi Kipenga, asante kwa njia ulizotufungulia na kwa wageni wote uliowarudisha salama. Tunakuombea afya njema na siku za raha. Jioni simu ikilia, mama, pokea, hata kama mikono ina sabuni.