Kadi ya Tihomir: Isukumwe au Iachwe?

Jumapili, nikishavuta kamba ya kengele, kazi iliyonipa jina la Kengele, na ibada ikaisha, miguu yangu haijui kwenda nyumbani. Inakwenda kwenye benchi mbele ya jengo letu hapa mjini Leskovac, ambako Skrubu, mchonga vyuma mstaafu, huwa ameshateremsha dele la kahawa. Nakiri, mahubiri nayasikiliza nusu. Nusu nawaza kahawa ile. Jumapili hii Tihomir wa ghorofa ya nne hakugusa kikombe. Binti yake Nevena yuko Kanada, na kila Jumapili mchana wanarusha ndege za mchezo pamoja ndani ya kompyuta, kila mtu kwake, juu ya milima yetu. Ila kadi ya picha ya Tihomir, kile kifaa cha ndani kinachoichorea kompyuta picha, tena cha bei rahisi, siku hizi inakwamakwama. Nevena anatangulia, baba anabaki mawinguni.

— Juzi kaniambia, "Baba, tupumzike mpaka upate nyingine." Nyingine nitaitoa wapi? — alisema Tihomir. — Kuna namna ya kuilazimisha ikimbie zaidi ya ilivyopangiwa kiwandani. Lakini ikiungua, ndo basi tena. Jumapili zetu zimekwisha.

— Isukume! — Skrubu alidakia. — Kigari changu kilitufikisha Thesaloniki, ng'ambo ya mpaka, watu sita na friji. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

— Mama gani wa kadi, we mzee? — aliuliza Tihomir.

— Kiwanda!

Profesa, ambaye cheo chake alikipatia kwenye usukani wa basi la shule, alishusha sauti:

— Nyie hamjui. Kadi ya bei rahisi na ya ghali ni pacha. Ya rahisi wameifunga kamba tu. Inajua kila kitu, inanyamaza.

— Kama mkeo, — alisema Skrubu.

— Cheka tu. Humo ndani mna nchi nzima, mpaka benchi hili. Ifungueni kamba, itatuonyesha sisi wenyewe tumekaa hapa.

Sote tukatazama juu. Sijui tulikuwa tunatafuta nini.

— Kwani ina ukubwa gani? — niliuliza.

Tihomir akafungua kiganja.

— Kama kipande cha mkate. Na kila ukipepesa jicho, Kengele, inaichora dunia upya. Mlima, Mto Morava, kivuli cha wingu juu ya mto. Juzi nimeliona paa la kanisa lako.

Nikafanya ishara ya msalaba.

— Mungu alitumia siku sita, na hakuna aliyemharakisha. Usiiguse.

— Kwa hiyo nibaki nyuma ya mwanangu?

Nilijionea aibu, nilikuwa nimeongea kama askofu.

Hapo akafika Zagorka, mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, na mfuko wake wa pilipili hoho. Alisimama, akasikiliza, akauliza:

— Samahanini, wazee wangu. Hiyo kompyuta inapumulia wapi?

Skrubu alichungulia kikombe chake.

— Iko kabatini, — Tihomir alijibu polepole. — Mlango nimefunga. Juu nimeitandikia kitambaa alichofuma marehemu mke wangu Stojanka. Na dirisha nimefunga, kwa kuogopa upepo wa kupenya.

Tulitikisa vichwa kwa heshima. Upepo huo unaingia dirisha hili, unatokea lile, na njiani unaondoka na figo ya mtu. Mama zetu walituapia.

— Basi kadi inakwama kwa joto, nanyi mnabishana kama mumkimbize mtu mliyemfunika blanketi?

Tihomir aliinuka, akapanda ngazi. Baadaye kidogo dirisha la ghorofa ya nne lilifunguka, vioo vyote viwili. Skrubu akainua kola. Profesa akajikinga kiuno kwa gazeti.

Tulikaa hivyo, shingo juu, mpaka sauti ya msichana, kutoka ng'ambo ya bahari, ikamwagika dirishani:

— Baba! Mbona leo uko mbele? Nisubiri basi!

Nilivua kofia, nikauacha upepo unipite kichwani.